Wimbo Uliokatika Bibi Akiwa Uwanjani

Baba,

Shikamoo. Marahaba najiitikia mwenyewe siku hizi, kwa ile sauti yako ya kukwaruza, na mama akinisikia huuliza naongea na nani. Nakuandikia kwa ajili ya yaliyonikuta jana Bigwa. Naandika kwa haraka, usinicheke mwandiko.

Kwanza habari za bendi. Kiwanda kimepata mwenyewe mpya, na huyo hana haja na bendi ya wafanyakazi. Dramsi zako zilitolewa stoo zikauzwa pamoja na viti vibovu. Niliziona zikipakiwa kwenye mkokoteni, nikageuza uso. Mpiga besi wenu analima mpunga Dakawa. Mpiga solo yuko Mikese, anawauzia abiria mahindi ya kuchoma mabasi yakisimama. Tumebaki wawili, mimi na rafiki yako Mzee Mkude, mwimbaji wenu, naye tangu tukuzike alikuwa hajafungua kinywa kuimba.

Mimi nina kinanda, Baba. Wewe uliyepanga foleni ya sabuni ungeyaona maduka ya sasa ungeshika kichwa, kila kitu kipo, kasoro pesa tu. Nilijibana kwenye cherehani yangu hadi nikakipata, cha mtumba. Mkono wa kushoto ukishika vidole vitatu, chenyewe kinaleta besi, gitaa na ngoma, kama bendi nzima imejificha ndani. Najua ungesema nini. Ulikiona kimoja kwenye harusi kule Kihonda, ukakitazama, ukatema mate pembeni: "Kinajua kuhesabu, lakini hakina macho." Nilikasirika siku ile. Niliona unaongea kwa wivu.

Sasa sikiliza. Mjukuu wa Mzee Mkude, mtoto wa binti yake, alikuwa anatolewa nje, uali umekwisha. Wanawake wa ukoo wakataka wimbo wako, ule wa kumtoa mwali. Mzee alikataa, akabembelezwa, mwisho akaniita. Alisema, "Nitaimba na hilo debe lako mara moja, kwa ajili ya mtoto. Mkiuharibu wimbo wa baba yako, sitaimba tena mpaka mnizike." Unamjua, hatanii. Na unajua nyimbo zenu nyingi hazikurekodiwa popote, zimo kichwani mwake tu. Akinyamaza yeye, na wewe unakufa mara ya pili. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Nikafanya kazi kama mchawi. Nilichukua kaseti mliyorekodi Dar, yenye wimbo huo, nikakaa nayo dukani kwa Salma, anayechapia watu barua kwenye kompyuta. Ana programu inayoshika muziki kipande kwa kipande. Nikaweka besi, juu yake gitaa, halafu nikakuweka wewe, pigo moja moja. Programu iliniuliza kama inyooshe mapigo yaliyochelewa. Nikaikatalia! Ule mkono wako wa kushoto unaofika kama mtu asiye na haraka, niliuacha vilevile. Salma akasikiliza akasema huyu si mashine, huyu ni mzee wako. Nililia pale pale mbele ya wateja. Kisha nikahamishia yote kwenye disketi ya kinanda, nikajiona fundi.

Uwanja ulikuwa umefagiwa, umeme tumevuta kwa jirani. Mwali akatoka mabegani kwa mjomba wake, amefunikwa khanga, vigelegele vikapasua masikio. Nikabonyeza. Ukaanza kupiga, Baba. Mzee Mkude alishtuka, akanitazama, akatazama kinanda, halafu akafumba macho akaimba. Sauti yake ipo. Imepungua nyama lakini ipo.

Ndugu wakajipanga kumtuza mwali, kila mmoja anakwenda akicheza, anaweka alichonacho, anarudi. Mstari ukawa mrefu hadi nje ya ua. Hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Wimbo niliuweka kwa urefu wake wa kwenye kaseti. Na kule studio, Baba, hakukuwa na shangazi hata mmoja! Mlipiga mkamaliza mkaenda kula. Huku mtaani ulikuwa unaumaliza pale watu walipomaliza, wakati mwingine mpaka mwimbaji anaomba maji kwa ishara. Mimi niliyekulia chini ya miguu ya dramsi zako nililijua hilo tangu utoto, na bado nikaamini kaseti.

Nikaona mstari unapungua, nikaona na wimbo unakwisha, sijui kipi kitatangulia. Niliomba Mungu wachangamke. Akabaki mmoja, Bibi Mosi, mkubwa wa ukoo mzima, aliyeteremka kutoka milimani na mkongojo wake ili amtuze mtoto yule. Wakubwa ndio hufunga. Anapiga hatua, anasimama, anatikisa bega, anapiga nyingine. Kila mtu anafurahi isipokuwa mimi.

Wimbo ukakatika. Bibi yuko katikati ya uwanja, mguu mmoja juu, khanga ya mwali mkononi.

Mwanamke mmoja akasema "Astaghfirullah," maana kumkatia mkubwa ngoma kabla hajamfikia mwali ni kumfungia mtoto njia. Nikabonyeza la kubonyeza, kinanda kikaleta dansi la Kizungu, pam-pa-pa, pam-pa-pa. Watoto wakacheka. Nikakizima. Mzee Mkude alikuwa amefumbua macho, na nilichokiona usoni mwake ni wewe ukifukiwa upya.

Nilitazama miguu ya bibi kwa sababu sikuweza kumtazama mtu usoni. Na miguu ile ilikuwa inasubiri. Kwenye kile kinanda kuna namna ya kugeuza kila kitufe cha kupigia kiwe ngoma. Nikageuza. Nikapiga kwa vidole viwili, vibaya, vikavu, bila besi wala gitaa. Akakanyaga, nikapiga. Akasimama, nikazungusha pale pale, nikimngoja. Sijui Mzee Mkude aliingia saa ngapi, nilisikia tu sauti yake juu ya ngoma yangu. Tulikwenda hivyo hadi bibi akamfunika mwali khanga, akarudi, akasaidiwa kukaa. Makalio yake yalipogusa kiti, ndipo tukafunga pamoja.

Nilikuwa nakunja nyaya Mzee Mkude alipokuja. Nilingoja matusi, na nilistahili. Akasema, "Alhamisi uje tufanye mazoezi. Hilo debe njoo nalo. Ila ule mwisho wake kaufute."

Nimeufuta leo, Baba. Sasa kipande cha mwisho kinajizungusha chenyewe bila kuchoka, mpaka mimi nikisimamishe. Alhamisi nitaanza kuzirekodi zile zilizomo kichwani mwake, moja baada ya nyingine, na hakuna nitakayoiwekea mwisho. Nakuahidi, macho yatakuwa yangu, na sitakisimamisha mtu mzima akiwa bado yuko njiani.

Nakuaga hapa, mama ananiita chakula. Pumzika, Baba. Bibi alifika.

Binti yako,
Zuhura