Bibi Anataka Kumchukua Milembe

Jumapili. Jua la Bariadi limewaka tangu asubuhi, jua zuri la kukaushia michembe, vipande vya viazi vitamu, lakini mimi nina baridi ndani.

Naogopa.

Mdogo wangu Kabula anasomea utalii, yuko mazoezini hotelini Lamadi. Leo kaja kunisaidia kukata viazi. Wageni wake huuliza sana vyakula vyetu, basi huku tunaanika, yeye anakariri: Kiingereza preserve, Kifaransa conserver, kuhifadhi kitu kisiharibike. Halafu resist, résister, kukataa kubadilishwa. Binti yangu Milembe, wa darasa la kwanza, akayadaka yote. Akawa anazunguka mkeka akiimba, "Konsevee! Rezistee!" Tukacheka mpaka machozi.

Ndipo mama mkwe akaingia, katokea kijijini kwake Shishiyu.

"Mwadila, Milembe," akamsalimu. Salamu ya mchana tu ya Kisukuma. Mtoto akanitazama mimi. Kisha akasema, "Good afternoon, Bibi."

Bibi hakugomba. Afadhali angegomba. Aliokota kipande cha kiazi, akaniambia taratibu, "Mayu," yaani mama, "viazi unajua kuvitunza. Na huyu je? Shule ikifungwa namchukua. Atasomea kwangu."

Kabula akaleta utani. "Bibi, nichukue na mimi, hoteli imenichosha."

"Wewe umeshaoza, hata jua halikusaidii."

Mimi sikucheka. Huku kwetu bibi akitaka kulea mjukuu, nani anakataa? Mume wangu mwenyewe kalelewa na bibi yake. Hatanitetea.

Nikapiga goti, kama inavyotakiwa, nikasema, "Mayu, mtoto haondoki. Kisukuma nitamfundisha mwenyewe."

"Nitakuja kumsikiliza," akasema. Akaondoka bila hata kunywa maji.

Sasa kila nikimwangalia Milembe naona kitanda chake kitupu. Nyumbani tumezoea Kiswahili tu, nimechoka na kazi, mdogo wake ananyonya. Nitaanzia wapi?

Jioni nimeanza wakati wa kumwogesha. Maji, minzi. Ugali, bugali. Asante, wabeja. Anashika haraka, mwanangu. Nikapata matumaini kidogo.

Halafu akaniuliza, "Na kipepeo, mama?"

Nimetafuta kichwani kote. Neno lake la Kisukuma halipo.

Nimemwambia kesho nitamjibu. Na wa kumuuliza ni nani, kama si bibi yake?