Mtaro Ulioishia Kwenye Minyaa

Lushoto

Mdogo wangu Yohana,

Pokea salamu kutoka huku milimani, ambako ukungu haujaondoka tangu juzi na kifua changu kinalalamika. Natumaini barua hii itawakuta wazima. Mama anaendeleaje na miguu yake? Je, uwele umetoa masuke, au ndege wamewatangulia?

Mimi nipo, lakini moyo haujatulia. Idara yetu inapunguza watumishi, na sisi tulioajiriwa zamani ndio tunaotazamwa kwanza. Huenda nikafunga mizigo kurudi Kinampanda mapema kuliko nilivyotazamia. Huko sina pa kulima ila ule ukanda wangu, unaoanzia kichakani juu na kushuka hadi mbugani, sambamba na wako. Marehemu baba alitugawia hivyo kwa haki, ili kila mmoja apate udongo wa mawe, wa kichanga na ule mweusi wa chini.

Wiki iliyopita mpwa wetu Elia alinipitia akiwa katika biashara yake ya vitunguu. Tulipokwisha kula nilimwuliza habari za kilima. Alizungukazunguka, kisha akasema. Ule mtaro wa kukinga maji niliokuandikia uuchimbe, uliuchimba vizuri, lakini ukaukomesha kwenye ua wa minyaa wa mpaka wetu. Mvua kubwa iliponyesha, maji yote yaliyokusanywa na mtaro yalimiminikia hapo, yakaufuata mpaka hadi chini na kuchimba korongo la kumeza ng'ombe. Mchanga umefukia kisima cha mama. Sasa anavuka mbuga na ndoo kichwani, kwa umri ule.

Nilimwuliza Elia kwa nini hukuendelea kuchimba upande wangu. Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyesahau kwao.

"Mjomba, nani atie jembe katika shamba la ndugu yake na mwenyewe hayupo? Watu wangesema anakuzika ungali hai."

Sikulaumu, Yohana. Uliniheshimu. Lakini maji hayakujua kwamba tunaheshimiana.

Aliniambia pia kwamba umechoka na ushauri wangu, na kwamba kilabuni unasema kaka yako hulima kwa kalamu. Nilicheka, ingawa si sana. Lililoniumiza ni kusikia kwamba umewaahidi wenye malori ya mkaa kichaka cha juu, ili baadaye upande alizeti hapo, kwa kuwa ushirika umelegea na wanunuzi wanakuja wenyewe mlangoni. Naelewa. Shule sasa zinataka ada, na alizeti inauzika. Lakini kile kichaka ndicho kinachoipokea mvua kwanza na kuipunguza kasi. Kikiondoka, mteremko utapokea yote kwa mara moja, na mbuga itazikwa kama kilivyozikwa kisima. Kilima hakikugawanywa na baba. Yaligawanywa mashamba tu.

Huku jirani yangu, mzee wa Kisambaa, aligombana na mwenziwe miaka mingi juu ya maji, hadi walipokubaliana kupanda mistari ya majani inayokatiza mashamba yote mawili. Nilipomsifu alinijibu kwa ukali, "Usinisifu. Tulingoja mpaka maji yakayamaliza maharage."

Kwa hiyo nakuandikia nikiwa na akili timamu. Ng'oa minyaa pale mtaro ulipoishia. Endelea kuuchimba ukifuata usawa wa kilima, usifuate mpaka, hadi kwenye ule mwamba mpana upande wangu, ili maji yatawanyike polepole majanini. Kingoni panda majani ya ng'ombe. Ardhi itakayoliwa na kazi hiyo itoke kwangu. Kichaka cha juu nakuomba ukiache chote, changu na chako. Badala yake chukua sehemu yangu ya mbuga, ulime utakacho, hata nikirudi. Mimi nitaanza na kitakachobaki.

Na ili watu wasiseme, mama awe wa kwanza kutia jembe upande wangu. Akitia yeye, nimetia mimi. Msiningoje, maana mvua haitaningoja.

Mpe mama shikamoo yangu, na umsomee barua hii yote bila kuruka neno. Msalimie shemeji, mlezi wa nyumba yako, na shangazi yetu aliyetufundisha kupalilia. Mwinjilisti mwambie kikohozi kinapungua, ingawa si kweli.

Ndimi kaka yako,
Samweli