Mwanamke wa Shaba na Bibi Zafarani

Ibra, Ijumaa, 14 Machi 2003

Kaka Nasor,

Leo nimeitoa ile picha uliyotuletea kwa posta ulipokuwa ukisoma Marekani. Umesimama katika bustani ya mji, mkono umeuweka begani kwa mwanamke mweusi aliyejifunga kilemba. Siku ilipofika, Mama aliitazama, machozi yakamtoka. "Nasor ameoa bila ya kutwambia! Na huyu mke, hata kucheka hacheki?" Ulipopiga simu ukamwambia, "Mama, sanamu huyo, wa shaba!" Akakujibu, "Shaba au dhahabu, utoe mkono wako. Si maharimu wako."

Tulicheka mpaka simu ikakatika.

Barua yako iliyofuata ilikuwa ndefu. Ulisema mwanamke yule alizaliwa utumwani, akatoroka, kisha akarudi kuwatorosha wenziwe, na Wamarekani weusi wa mji ule wakamsimamisha palepale watoto wao wanapochezea. Ulimwona mzee mmoja akimfuta kinyesi cha ndege kwa leso yake mwenyewe, taratibu, kama anayemfuta uso mamaake. "Hawamwonei haya," uliandika. Niliwapenda watu wale bila ya kuwajua.

Uliporudi, siku moja tumezunguka sinia la wali, ukamuuliza Mama jina la mamaake. Nyumbani tukimwita "marehemu" tu, kwa kuwa alikuwa mjakazi, mtumwa wa kike, huko Unguja. Mama alinawa mikono. Baada ya kahawa akasema, "Zafarani." Ukakaa naye mpaka Alasiri, ukimuuliza moja moja. Mimi nilikwenda kuosha vyombo.

Sasa Mama hayupo, na wewe una miezi mitano kaburini. Wiki iliyopita wanawake wa mji wa Mudhaibi walikuja kumposa Asya, binti yangu. Wakaviweka chini vikombe vya kahawa, ndiyo ada, hawanywi mpaka wajibiwe. Kisha wakauliza asili yetu. Shangazi yetu akanifinya nisiseme. Nikakukumbuka ulivyouliza bila ya kuona haya, nikasema, "Bibi yangu mzaa mama alikuwa mjakazi, akiitwa Zafarani."

Kahawa ikapoa. Wakaondoka, hawajarudi.

Niliogopa Asya atanilaumu. Hakulia. Aliuliza, "Mama, alikuwa mrefu?"

Hilo sikulisikia, kaka, nilikuwa nikiosha vyombo. Aliyeuliza ni wewe.

Nikumbuke huko uliko.

Mdogo wako