Wifi Alidhani Niko Andromeda

Raya shoga angu, hebu sikia haya!

Niko kwenye maonyesho ya Nanenane na wifi yangu Semeni. Nimevalishwa ile miwani ya kusafiri angani, eti nipumzike. Naelea kwenye galaksi ya jirani, Andromeda, nyota zimejiviringa kama ngata. Raha!

Semeni akadhani sisikii. Akamwambia rafiki yake, “Huyu mgumba kaka anamvumilia tu. Kule Ngerengere ana mwingine, tena mjamzito.”

ANANIVUMILIA! Mimi, shoga!

Nikatulia na miwani yangu mpaka nyota zikaisha. Nikavua, nikatabasamu: “Wifi, zamu yako, huko kutamu.”

Jumamosi ni kicheni pati yake, ya kumfunda kabla ya harusi. Wakwe zake watakaa mbele. Siri zake zote za kule Bigwa, anazowaficha wakwe, unazijua; nami ninazo.

Na MC ni mimi. Kanichagua mwenyewe.