Nyuki Walioachwa na Mradi

Dada yangu,

Shikamoo. Habari za huko? Kile kifua kimepoa? Na mwenye nyumba wako, bado anafunga maji ukichelewa kuoga? Sisi huku wazima. Mama goti moja linamlalamikia, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Mimi mwili mzima, ila moyo unanienda mbio kama mtu aliyeiba. Tafadhali soma barua hii kwa mpangilio, usirukie mwisho, maana nakujua. Mchana huu nilikupigia simu nikuambie, ukapokea kwa furaha, nikakuuliza kama mvua inanyesha, nikakata. Ndiyo maana naandika.

Wale watu wa tathmini walifika, kama ulivyosema. Mkubwa wao ni mama mmoja mrefu, mpole, akikaribia maua anapiga chafya. Watu wakambatiza Mama Tathmini siku hiyohiyo. Kazi yake, alinieleza, ni kurudi kule ambako wafadhili wa nje walimwaga fedha kulinda misitu na viumbe vyake, miaka mingi baada ya mradi kufungwa, aangalie kama kuna kilichobaki au zimebaki picha tu ukutani. Alikuwa anatafuta mtu wa pikipiki wa kumzungusha. Hajamaliza kusema, mimi nimeshawasha.

Kwanza nikupe raha yako. Msitu wetu umesimama, dada! Vile vijiji vingine vinne, mradi uleule, semina zilezile, kofia zilezile, leo ni mahindi na visiki. Hapa kwetu miti imeshikana mpaka mchana kuna giza, chemchemi haijakauka, na wale ndege wakubwa wenye midomo kama majembe wamerudi, wanapiga kelele kama wanagombania urithi. Mama Tathmini aliangalia juu mpaka kofia ikamwanguka. Akasema amechoka kuandika habari za misiba ya misitu, leo amekuta mgonjwa aliyepona, na haondoki mpaka ajue nani alimtibu.

Nikamwambia ni dada yangu. Nikamwambia wewe ndiye uliyekuwa afisa wa mradi, watu wakikuita Bi Nyuki, na elimu uliyowapa ndiyo iliyoshika. Akasema maombi yako ameyaona, kwamba awamu ya pili ikija wewe ndiye utakayeisimamia, na utahamia hapa nyumbani moja kwa moja. Nikamwambia hiyo ndiyo dua ya mama kila asubuhi.

Basi tukaanza nyumba kwa nyumba, na hapo ndipo sifa zako zilianza kunipotea mkononi. Alimuuliza fundi cherehani, shoga yako yule, anakumbuka nini kwenye mafunzo. Fundi akafikiri weee, akasema anakumbuka soda zilikuwa baridi, na wewe ulikuwa unacheka vizuri. Na msitu je? Akasema, ah, huko nani aende, kuna wenyewe. Wenyewe gani? Nyuki, mama, nyuki!

Kila nyumba hivyohivyo. Unakumbuka mradi ulipofungwa, gari lilikuja likabeba mavazi ya kurinia asali, vifuniko vya uso, mabomba ya moshi, hata viti. Mizinga wakaiacha kwa sababu iko juu ya miti na hakuna aliyetaka kupanda. Bila mavazi, nani arine? Nyuki wakazaana, wakagawana, wakahamia kwenye mashimo ya miti, mpaka ndani ya kibao cha mradi pale njiani. Gonga mti mmoja kwa shoka, wanatoka kama umewatukania mama yao. Kwa wenzetu mizinga iliibwa, sasa kuku wanatagia humo. Tofauti yote ni hiyo, dada. Mama Tathmini hakuamini, akaenda kukipiga picha kile kibao kwa karibu. Nilimwona mtu mzima anaruka mtaro na kiatu kimoja, huku anapiga kelele kwamba ameamini, ameamini! Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na nyuki mmoja akanipata sikioni.

Huku anajipaka dawa, akasema basi nyuki ndio matokeo yaliyodumu, ingawa hakuna aliyewapangia. Awamu ya pili iitumie bahati hiyo. Yaletwe mavazi mapya kwa kila nyumba, mabomba ya moshi, barabara ya gari mpaka kwenye mizinga, na chumba cha kukamulia asali. Nikapiga makofi peke yangu.

Kesho yake akaja Masizi. Unamkumbuka, mchoma mkaa, yule ambaye hata akioga taulo ndilo linalolalamika. Alivaa shati la pasi. Akamsalimia Mama Tathmini kwa adabu zote, akasema mradi anauunga mkono kwa mikono miwili, na anaomba mavazi, yeye, wanawe na mashemeji zake wote, maana ghafla ukoo mzima umependa asali. Nilipomrudisha kwake nikamtania, tangu lini wewe na asali? Akacheka nyuma ya pikipiki, akasema, kijana, mimi sukari hata kwenye chai sitii. Niletee kile kifuniko cha uso na hiyo barabara, mimi na ule msitu tutamalizana kabla ya mvua nyingine.

Tangu hapo nikifumba macho namwona Masizi kavaa nyeupe kama daktari, shoka begani. Nilimwambia fundi cherehani, nikidhani atanicheka. Akasema hata mumewe ameanza kunoa shoka.

Sasa soma polepole. Mkutano ulifanyika jana, darasani. Mama alikaa mbele kabisa na gauni lake la kwendea harusi. Mama Tathmini akasoma mapendekezo, ulipotajwa wewe mama akapiga vigelegele, wanawake wakampokea. Kisha akauliza kama kuna mwenye wazo tofauti.

Dada, ni mimi niliyesimama. Miguu ilinyanyuka kabla sijaiambia. Nikasema mradi usirudi. Nikasema kilichoulinda msitu ni kwamba mliondoka na mavazi yenu, na mkiyarudisha mtakuwa mnawavika watu wa mashoka. Waiache mizinga kama ilivyo, fedha wazipeleke kwa wenzetu waliobaki na visiki. Masizi akaniambia kaa chini, Kiherehere, unamfunga dada yako goli mchana kweupe. Watu wakaangua kicheko. Mama hakucheka.

Baadaye Mama Tathmini akaniita pembeni, akaniuliza kama naelewa nilichosema na kinamgusa nani. Nikasema naelewa. Leo asubuhi, kabla hajaondoka, ameniambia awamu ya pili ya hapa ameiondoa kwenye ripoti yake. Kwa hiyo ile nafasi yako haipo tena. Wafadhili hawajakunyima kitu. Nimekunyima mimi.

Na wala sina uhakika kama nimefanya sawa. Nyuki haohao waliua mbuzi wa jirani juzijuzi tu. Siku wakimvamia mtoto wa mtu, watu watauchoma msitu mzima kwa hasira, na nitakayeulizwa ni mimi. Huenda wewe ungekuja, ungejua namna ya kumbana Masizi. Sikukuuliza. Hilo ndilo linalonitafuna. Simu ilikuwa mfukoni, nikaiacha humo, kwa sababu niliogopa ungeniambia ninyamaze, na ningenyamaza.

Lakini ile mizinga ni wewe uliyepanda ngazi ukaitundika, mimi nimeshikilia chini huku nalia usianguke. Nilimwambia Mama Tathmini aliandike hilo, na ameliandika.

Njoo nyumbani, dada, hata bila kazi. Najua si rahisi kurudi mikono mitupu hapa ambapo kila mtu ana macho, tena aliyeiacha mitupu ni mimi. Njoo tu. Unizabe kofi mlangoni, halafu tukae tufikiri pamoja kuhusu Masizi.

Fundi cherehani anakusalimu sana. Masizi naye anakusalimu, kwa kejeli, lakini salamu nimepewa nafikisha. Mama nilimwomba zake niziweke hapa kama kawaida. Akasema za kwake atazituma mwenyewe, si kwa mkono wangu.

Nijibu, hata kama ni matusi.

Mdogo wako,
Kiherehere