Kula na Kura

Ijumaa, Murukulazo. Mvua haijakata tangu alfajiri, na mimi sina hali.

Mama amekataa kula tena. Nimempikia uji wa ulezi, nimekaa kitandani kwake na kijiko, akageukia ukutani. Daktari alionya kwamba asipokula, dawa hazitamsaidia. Kwa hiyo nikitazama kikombe kilichojaa najua ninachokitazama.

Wanaonisoma hapa wanajua ninavyoliandika Kanisa. Nimeandika kwamba watu wa huku hawashikwi na mahubiri bali na woga: usipohudhuria jumuiya ya sala ya majirani, nani atakuzika? Niliuita utekaji. Nimesoma sana kabla ya kusema hivyo, na sijafuta neno.

Niliwahi kumuuliza mama anapata nini kule jumuiya. Nilingoja aniambie habari za Mungu, nimbane. Akasema, "Wanajua sipendi chumvi."

Nilidhani ananikwepa.

Juzi Mama Adela, mwenyekiti wa jumuiya yake, alinitumia ujumbe: "Baba Neema, kesho jumuiya yote tunakuja hapo kura na mama."

Kura! Damu ikanipanda. Nikaona wazi kwamba wamechoshwa na maandishi yangu, wanakuja kupiga kura mbele ya mgonjwa, wamwondoe kwenye jumuiya kwa sababu ya mdomo wa mwanawe. Nilijibu kama ninavyowajibu maofisa, nikamalizia: "Asikanyage mtu hapa."

Hawakukanyaga.

Jana mama aliomba nimvalishe kitenge cha kanisani. Alikaa ameegemea mto, anasikiliza njia, kama mtu aliyeahidiwa wageni. Giza lilipoingia akauliza kama majirani wamehama.

Leo asubuhi nimemkuta Mama Adela dukani. Nikampa shikamoo kavu.

"Marahaba. Tumsifu Yesu Kristu."

Sikuitikia. Nikamuuliza kura yao imeishia wapi.

"Kura gani?"

"Si uliandika mwenyewe?"

"Kura chakura, Baba Neema! Turisikia mama hagusi chakura, tukasema tuje na vyungu, ture naye. Vitabu vyote hivyo, hujui kura?"

Mwenye duka alicheka mpaka akashika meza. Mama Adela naye alicheka, kisha akanigeukia. "Umetufukuza, mwanangu."

Nimezaliwa hapa. Nimelelewa na watu wanaosema "wari" na "kurara", na mimi mwenyewe nilichapwa shuleni kwa kosa hilohilo. Nilijua. Lakini nilitaka vita, basi nikaisoma vita mahali palipoandikwa chakula.

Na pale dukani, neno moja tu lilihitajika. Nimeshindana na mapadri na wanasiasa bila kukwama, lakini "samahani" haikutoka. Nikanunua sukari, nikaondoka.

Sasa ni jioni. Mama hajaonja kitu, na midomo yake imepasuka. Nimempigia Mama Adela mara nyingi; umeme umekatika, simu yake haipatikani. Nimejaribu kupanga nitakavyosema, kila sentensi inatoka kama hoja. Sijui kuomba.

Kwake si mbali, ni hapo tu ng'ambo ya shamba la migomba. Ningekwenda sasa hivi na mvua hii, nikapige magoti mlangoni.

Lakini nani abaki na mama? Humu ndani tuko wawili tu. Wote ambao wangebaki naye nimewakataza kukanyaga hapa.