Sisimizi Walipoacha Kuja Chooni

Mama,

Bi Chiku, jirani yako, alihama jana. Alibeba godoro kichwani mchana kweupe, watoto wa mtaa wakimzomea, nami nimesimama mlangoni kwako natazama. Tangu tulipokuzika, mtaa wetu wote hapa Temeke unasema alikuroga kwa ule uji aliokuwa akikuletea. Balozi wa nyumba kumi amenyamaza. Mimi pia nimenyamaza, ingawa aliyekuua namjua, namnyoa ndevu kila asubuhi.

Unakumbuka ulivyokuwa ukijigamba kwa wenzio kwenye foleni ya sukari, pale duka la ushirika? "Mwanangu yuko maabara, ananipima mwenyewe." Kweli nilikupima. Nilichemsha matone ya mkojo wako na ile dawa ya bluu, ikageuka rangi ya tofali: sukari tele. Nikakunyang'anya kikombe cha chai mbele ya wageni, nikakufokea kama mtoto. Mpaka siku uliponiita chooni, ukanionyesha sakafu ambako sisimizi walizoea kufuata sukari ya mkojo wako.

"Tazama, sisimizi hawaji tena. Mie nshapona."

Nikapima, dawa ikabaki bluu. Nikakuachisha sindano za sukari. Nikakukorogea chai ya vijiko vitatu kwa mkono wangu, tukacheka sana siku ile. Ulipovimba uso na miguu, tukasema umenawiri.

Mkuu wangu wa kazi ndiye aliyenifumbua macho, baada ya msiba. Aliniwekea kipande cha figo ya mgonjwa mwingine kwenye hadubini, akanieleza. Figo ina vichujio vidogo visivyohesabika, Mama. Sukari ya miaka mingi hunenepesha kuta zake. Chembe hai zilizo katikati hurundika takataka hadi mishipa inabanwa, na zile zinazoshikilia ukuta kwa vidole vyake hubanduka. Kwanza kichujio huvuja, lishe ya damu ikapotea na maji yakajaa mwilini. Baadaye huziba. Hata sukari haipiti tena, hubaki kwenye damu pamoja na uchafu wote.

Hukupona. Figo zako zilikuwa zimekufa. Ningechemsha mkojo wako peke yake, bila dawa, ungeganda kama ute wa yai kwa ile lishe iliyovuja, nami ningejua. Ni kazi ya dakika chache. Sikuifanya, nilishajiona bingwa.

Nakuchukia kidogo kwa kuniamini. Sijui kama mtoto anaruhusiwa kuandika hivyo, lakini nimeshaandika, sifuti.

Ijumaa ni arobaini yako. Dua ikiisha, kabla sinia hazijatoka, nitasimama mbele ya wajomba na Balozi. Nitasema Bi Chiku hana kosa, kisha nitataja jina langu. Nikitoka hapo nitamfuata Mbagala alikokimbilia, nimwombe arudi kwake. Akinitemea mate, nitajifuta nimwombe tena. Hiyo ni ahadi, Mama.

Lala salama. Na ukiulizwa huko ni nani aliyekufikisha, usinifichie kama ulivyozoea.

Mwanao